Risiti inaandika "ng'" juu na "ombe" chini: tusaidiane kukunja mistari ya mtiririko

#1 FundiRisiti

Wakuu, heshima kwenu.

Nina programu ya mauzo niliyoirithi kwa kijana aliyeacha kazi. Inatumika kwenye duka moja la dawa za mifugo. Printa ni zile ndogo za karatasi ya milimita 58, mstari mmoja una safu 32, yaani nafasi za herufi 32. Maandishi ya risiti hayaji kwa mkupuo. Yanatoka kwenye seva vipande vipande, kimoja baiti 40, kingine 3, kadiri mtandao ulivyoamka siku hiyo. Kazi ya sehemu ninayoililia hapa ni moja tu: kupokea mtiririko huo na kuukunja usivuke safu ya 32.

Sasa tazameni hii, ni ya jana asubuhi:

```
Dawa ya kupe na utitiri wa ng'
ombe lita 1                  TSh
18,500/=
```

Mwenye duka kanipigia simu: "Fundi, mteja ananiuliza ombe ni mnyama gani." Halafu hiyo TSh imebaki juu peke yake kama mtu aliyeachwa na basi, na kiasi kimeshuka chini.

Nimefungua msimbo (msimbo, jamani, siyo kodi ya mapato) nikakuta mambo mawili. La kwanza, jamaa anatafuta mipaka ya maneno kwa alama ya `\b`. Kwa `\b`, ritifaa si sehemu ya neno, hivyo ng'ombe, ng'oa, ng'ambo, vyote ni maneno mawili mawili. Aliyetunga kanuni ile hakuwahi kufuga. La pili ni baya zaidi: kila kipande kinachoingia kinakunjwa kivyake, kana kwamba mstari unaanza upya. Kipande kilichopita kikiishia safu ya 20, hiki kinachofuata kinajidhania kipo safu ya 0 na kujipa safu 32 zote.

Nikiondoa `\b` nikakata kwenye nafasi tu, ng'ombe anapona. Hilo la pili ndilo linaloninyima usingizi. Mnafanyaje?

#2 KijanaWaPosta

Mkuu unajitesa bure. Lugha ya Python ina `textwrap`, maktaba ya kukunja mistari. Andika `textwrap.fill(maandishi, 32)`, uzi ufungwe.

#3 FundiRisiti

Nimeijaribu kabla ya kuja hapa. Ni maktaba nzuri, na ina akili kuliko inavyosifiwa. Ng'ombe haimkati. Hata M-Pesa haiigusi, kwa sababu ili ikate kwenye kistari inataka angalau herufi mbili kabla yake. (Al-Hajj itamkata, hilo nimeliona.)

Lakini `textwrap` inataka aya nzima mkononi, nami aya sina. Sasa hivi nina "Dawa ya ku", na baada ya nusu sekunde nitaletewa "pe na utit". Nikisema nikusanye yote mpaka risiti iishe, karani anabaki kuitazama printa bubu na foleni imefika mlangoni. Kabla sijaja nilijaribu hilo pia. Walidhani printa imekufa wakaizima na kuiwasha katikati ya risiti.

#4 MzeeWaVT

Vijana, hamjambo.

Haya mambo ni ya zamani kuliko mnavyodhani. Mimi nimekulia kwenye terminali (skrini na kibodi za kuongea na kompyuta) za VT100, zile zilizotoka 1978, safu 80 kwa mistari 24. Na hizo 80 zenyewe zilirithiwa kutoka kwenye kadi za kutobolewa za IBM za 1928. Kwa hiyo tunakunja mistari tangu babu zenu wakiwa vijana.

Kwanza fahamuni kwamba kuna kukunja kwa namna mbili. Donald Knuth na Michael Plass walichapisha 1981 njia ya kuitazama aya nzima na kuchagua sehemu za kukata ili mistari yote kwa pamoja ipendeze. TeX, programu ya kupanga kurasa za vitabu, hufanya hivyo. Kwenu haifai, maana aya haijafika. Ninyi mnabaki na njia ya mlafi: jaza mstari mpaka neno ligome, kisha shuka.

Njia ya mlafi kwenye mtiririko ina siri moja. Usiiandike nafasi unapoiona. Nafasi ni deni. Unaiweka kwenye daftari, na unailipa pale tu neno linalofuata litakapothibitisha kwamba linaenea kwenye mstari huohuo. Lisipoenea, unalifuta deni na kushuka mstari. Na neno nalo usiliandike mpaka ujue limeisha, kwa sababu "ku" inaweza kuwa "ku" tu, inaweza kuwa "kupe", inaweza kuwa "kuogeshwa".

```python
class Mkunjaji:
    def __init__(self, toa, upana=32):
        self.toa = toa
        self.upana = upana
        self.safu = 0     # tumeshajaza safu ngapi
        self.deni = 0     # nafasi zinazosubiri
        self.neno = ""    # neno ambalo halijaisha

    def pokea(self, kipande):
        for h in kipande:
            if h == "\n":
                self.maliza_neno()
                self.toa("\n")
                self.safu = self.deni = 0
            elif h == " ":
                self.maliza_neno()
                self.deni += 1
            else:
                self.neno += h

    def maliza_neno(self):
        if not self.neno:
            return
        n = len(self.neno)
        if self.safu and self.safu + self.deni + n > self.upana:
            self.toa("\n")
            self.safu = self.deni = 0
        self.toa(" " * self.deni + self.neno)
        self.safu += self.deni + n
        self.deni = 0
        self.neno = ""
```

Tazama kwamba hakuna popote panaposema "kipande kimeisha". Kipande hakina maana yoyote kwa mkunjaji, ni ajali ya mtandao tu. Risiti ikiisha unaita `maliza_neno` mara moja, basi. Ukisahau kuiita, neno la mwisho litabaki tumboni mwa programu, na utakuja hapa kuuliza kwa nini "Karibu tena" inatoka "Karibu".

Hiyo "TSh 18,500/=" iunganishe kwa nafasi isiyokatika, U+00A0. Msimbo huu unakata kwenye nafasi ya kawaida pekee, hivyo U+00A0 itahesabiwa kama herufi na viwili hivyo vitashuka pamoja. Ila mtu asije na `split()` tupu ya Python, maana hiyo inaiona U+00A0 kuwa nafasi kama nyingine. `textwrap` ndiyo inayoiheshimu.

#5 BintiKilifi

Mzee, shikamoo. Msimbo umenyooka, lakini nina visa viwili.

Neno lenyewe likiwa refu kuliko mstari je? Huo mstari wa `if self.safu and ...` unamshusha chini, halafu unamwandika mzimamzima hata akiwa na herufi 45. Viungo vya mtandao (link) vya kuhakikisha risiti ni virefu hivyo. Kwa viungo nashauri ukate kikatili kwenye safu ya 32, na usiweke kistari cha kuonyesha umekata, kwa sababu mtu atakayekinakili kwa mkono atakiandika nacho.

Cha pili kilinitokea mwenyewe kazini. Nilikuwa na kitanzi cha kukata maneno marefu: maadamu neno lina urefu kuzidi upana, toa herufi za kwanza kiasi cha upana, shuka, endelea. Upana nilikuwa naiuliza terminali. Siku moja programu ikaendeshwa usiku na ratiba ya seva, pasipo terminali yoyote, na jibu la upana likarudi 0. Toa herufi sifuri, shuka mstari, neno halijapungua, rudia. Asubuhi tumekuta diski imejaa mistari mitupu. Tangu siku hiyo, upana chini ya 1 unakataliwa mlangoni. `textwrap` hufanya hivyohivyo, inatupa kosa palepale. Na ukitaka upana wa terminali, `shutil.get_terminal_size` ikikosa jibu hukupa 80 kwa 24, wala si sifuri.

#6 MzeeWaVT

Marahaba binti. Umenikamata kwenye neno refu. Nakubali.

#7 MwalimuMstaafu

Mimi si mtu wa kompyuta, nimeletwa na mwanangu kwa sababu ya hilo la ng'ombe. Mbona mnakata maneno kikatili wakati Kiswahili chetu ni rahisi kuliko lugha nyingi? Silabi zetu huishia kwa irabu. Kata baada ya irabu yoyote na hutakosea sana: zi-ta-ka-zo-sa-fi-ri-shwa. Ng'o-mbe. Ku-nja. M ya m-tu haitaachwa peke yake mwisho wa mstari, kwa kuwa haina irabu baada yake.

Mtakosea kwenye maneno ya kuazima: labda ni lab-da, daktari ni dak-ta-ri, sultani ni sul-ta-ni. Kanuni ya irabu itawapa la-bda. Inaudhi lakini inasomeka.

#8 FundiRisiti

Mwalimu shikamoo, hili nalichukua lilivyo. Kwenye safu 32 ni nadra kulihitaji, lakini kichwa cha risiti kinachapwa kwa herufi pana, kila herufi inakula safu mbili, kwa hiyo mstari unabaki na safu 16. "Zitakazosafirishwa" ina herufi 18. Leo nimelikata "zitakazosafiri-" na "shwa". Mwenye duka hajasema kitu, na kwake yeye huko ndiko kusifu.

#9 FundiRisiti

Nimerudi, siku tatu baadaye. Ng'ombe yuko salama, TSh na kiasi chake wameoana. Sasa nina jini.

Mara moja moja, si kila risiti, mstari wa jumla unatoka hivi:

```
Bidhaa 9 Punguzo TSh 5,500/= JUM
LA
```

Na hiyo JUMLA, badala ya kuwa pana kama nilivyoagiza, inatoka kwa wino mzito. Sijaagiza wino mzito popote. Nimetafuta kwenye msimbo wote, neno "mzito" halipo. Pasipo punguzo, sehemu hiyo haichapwi na kila kitu kiko sawa, JUMLA inatoka pana na nzuri. Nimebadilisha printa, ileile. Nimebadilisha waya, ileile.

#10 KijanaWaPosta

Printa ina laana hiyo. Nunua nyingine.

#11 BintiKilifi

Usinunue kitu. Elekeza yanayotoka kwenye faili badala ya printa, kisha fungua faili uone baiti moja moja. Ziweke hapa kuanzia `/=`.

#12 FundiRisiti

```
2F 3D 20 1B 21 0A 4A 55 4D 4C 41 1B 21 00
```

#13 BintiKilifi

Hahaha! Huyo hapo.

`1B 21` ni ESC na alama ya mshangao, amri ya kuchagua namna ya kuchapa kwenye ESC/POS, lugha ya amri za printa za risiti. Baada yake printa inasubiri baiti moja ya kigezo. Herufi pana ni biti yenye thamani 32. Na 32 kwa heksa (hesabu ya kumi na sita, kama ulivyoziandika baiti hizo) ni ngapi? `20`. Na `20` ni nini kwa mkunjaji wako?

#14 FundiRisiti

Nafasi. Mungu wangu.

#15 BintiKilifi

Ndiyo. Fuata hesabu. Mpaka `/=` umejaza safu 28. Nafasi moja deni. Kisha linakuja "neno" la ESC na `!`, mkunjaji analihesabu herufi 2: 28 na 1 na 2 ni 31, limeenea, liandikwe. Halafu kigezo chako `20` kinafika, mkunjaji anakiona nafasi, anakiweka kwenye daftari la deni. Inafuata JUMLA ikiwa imegandana na amri ya kuzima upana, jumla herufi 8. 31 na 1 na 8 ni 40. Haienei! Basi deni linafutwa, unatolewa mstari mpya.

Printa ilikuwa imekaa mdomo wazi ikisubiri kigezo, ikapewa `0A`, yaani mstari mpya wako. Ikakimeza kama kigezo. `0A` ni 10, ndani yake mna 8 na 2, na biti ya 8 kwenye amri hiyo ni wino mzito. Kwa hiyo mstari haukushuka, upana haukuja, mzito ukawaka. Printa ikaendelea na mstari uleule, nafasi ya safu ya 29, J U M za 30 mpaka 32, ukuta, LA chini.

Pasipo punguzo mstari ni mfupi, deni linalipwa, `20` inaandikwa mahali pake kwa bahati, na printa inapata ilichotaka. Ndiyo maana ilikuwa inakuchezea.

#16 MzeeWaVT

Nimecheka mpaka chai imemwagika. Hili sijawahi kuliona kwa miaka yote, na msimbo wenyewe ni wangu.

Kwenye terminali mambo ni mepesi kidogo. Amri za rangi huanza na ESC na mabano ya mraba na huishia kwa herufi, kwa mfano `m`. Unaweza kuziruka bila kujua maana yake, ukifika kwenye herufi ya mwisho umetoka. ESC/POS haina mwisho wa namna hiyo. Lazima uwe na jedwali la kila amri na idadi ya vigezo vyake: `ESC @` hakuna, `ESC !` kimoja, `ESC E` kimoja, `ESC -` kimoja, `ESC a` kimoja. Amri isiyomo kwenye jedwali ipigiwe kelele, isibahatishwe.

Na hali hiyo ya "niko katikati ya amri" ikae kwenye kitu chenyewe, isikae ndani ya `pokea`. ESC inaweza kuwa baiti ya mwisho ya kipande hiki na `!` ikawa ya kwanza ya kipande kijacho.

#17 FundiRisiti

Nimefanya hivyo. Amri zinapita bila kuhesabiwa safu, na ya herufi pana inabadilisha uzito wa kila herufi kuwa 2. Nembo ya duka nimeitoa kabisa kwenye njia hii inaenda moja kwa moja kwa printa, maana picha ni baiti zozote zile, siwezi kuzitembeza kwenye kitu kinachotafuta nafasi.

Kitu kimoja kilinichelewesha: amri ikifika wakati kuna deni, iandikwe kabla ya deni au baada? Ukiandika `ESC -` ya kupiga mstari chini kabla ya kulipa deni, nafasi nayo inapigiwa mstari, mkia unaning'inia kabla ya neno. Nimeamua amri zishikamane na neno linalofuata, deni lilipwe kwanza. Amri ya kuzima inashikamana na neno lililotangulia kwa kuwa imeandikwa bila nafasi kati yao. Ikitanguliwa na nafasi, mkia unabaki. Nimewaambia wanaoandika violezo wasiweke nafasi hapo, sijaona haja ya kuwa mjanja zaidi.

#18 DaktariWaKuku

Mimi ndiye ninayeingiza majina ya dawa kwenye duka kama hilo, mkoa mwingine. Kwetu ng'ombe hakatwi, anatoka hivi: ngΓÇÖombe. Ni ugonjwa huohuo?

#19 BintiKilifi

Ni binamu yake. Majina unayaandika kwenye simu au kwenye programu ya ofisi, sivyo? Hizo hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, ’, yaani U+2019. Kwa UTF-8, namna ya kisasa ya kuandika herufi kwa baiti, hiyo ni baiti tatu, `E2 80 99`. Printa yako inasoma jedwali la zamani la herufi 437, ambamo `E2` ni Γ, `80` ni Ç, `99` ni Ö. Ndiyo hiyo sanaa unayoiona. Na programu ikihesabu baiti badala ya herufi, ng’ombe anakuwa wa safu 9 wakati ni 7, mstari unashuka mapema bila sababu inayoonekana.

Ponya mlangoni: geuza U+2019 kuwa ritifaa iliyonyooka wakati wa kuingiza jina. Zaidi ya hapo Kiswahili tuna bahati, herufi zetu zote ni za ASCII, zile za msingi zenye baiti moja moja.

Na kama mnatuma risiti kwa SMS, ritifaa hiyo moja inawala pesa. Ujumbe wa herufi za kawaida ni 160. Ukiingiza herufi moja isiyo kwenye jedwali la GSM (herufi za kawaida za SMS), na U+2019 haimo, ujumbe wote unahamia mfumo mwingine wa herufi 70. Ukizidi hapo unagawanywa vipande vya 67. Kwa hiyo ujumbe wa herufi 150 uliokuwa mmoja unalipiwa mitatu. Kisa ng’ombe.

#20 DaktariWaKuku

Mitatu? Kumbe ndiyo maana vifurushi vinaisha tarehe kumi. Ahsante dada.

#21 MzeeWaVT

Ongeza na hili: mtandao unaweza kukukatia `E2` kipande hiki na `80 99` kipande kijacho. Ukigeuza kila kipande kuwa maandishi kivyake, programu itaanguka au itakuandikia alama za kuuliza. Python ina kigeuzi cha hatua kwa hatua, `codecs.getincrementaldecoder("utf-8")`, kinachokumbuka baiti zilizobaki. Kiweke mbele ya mkunjaji.

#22 KijanaWaPosta

Nami nina swali la maana safari hii. Nimechukua msimbo wa mzee nikauweka kwenye programu ya terminali inayomuuliza karani. Naandika `Weka kiasi: ` halafu nasukuma kila kilichobaki kitoke. Kishale kinagota kwenye nukta mbili, nafasi haipo. Karani anaandika `Weka kiasi:5000`.

#23 FundiRisiti

Deni hilo, halijalipwa kwa sababu hakuna neno lililofuata. Nadhani kusukuma kulipe deni na kutoa neno lililobaki, hata kama halijaisha.

#24 MzeeWaVT

Sikubaliani. Ukitoa neno ambalo halijaisha umejifunga. Umeshaandika "ng'o" kwenye safu ya 30, ikija "mbe" huwezi kuirudisha "ng'o" ishuke nayo. Watu wanasukuma ovyo ovyo, wengine baada ya kila mstari wa msimbo.

#25 BintiKilifi

Mzee, kwa heshima zote, anayesukuma anasema "nataka mtu aone sasa". Ukimficha neno, swali kama `Endelea?` lisilo na nafasi mwishoni halitaonekana kamwe, na karani na programu watakaa wakingojeana. Bora neno likatwe vibaya mara moja kuliko programu igande. Ila basi ukishasukuma ukumbuke kwamba nusu ya neno imeshatoka, ili nusu ya pili isitanguliwe na mstari mpya isipokuwa imegonga ukuta.

#26 MzeeWaVT

Kwa programu inayouliza, sawa. Kwa printa nabaki na langu: usisukume.

#27 FundiRisiti

Nimeweka milango miwili. `sukuma` ya printa inalipa deni tu, `sukuma_yote` ya karani inatoa kila kitu. Mmoja wenu atanuna, nisameheni.

Sasa niwaonyeshe kilichonisaidia kuliko vyote. Baada ya jini la JUMLA sikuamini tena macho yangu, nikaandika jaribio hili. `kunja` inapokea orodha ya vipande na kurudisha kilichotoka:

```python
def jaribu(data):
    zima = kunja([data])
    for i in range(len(data) + 1):
        assert kunja([data[:i], data[i:]]) == zima
    moja_moja = [data[i:i+1] for i in range(len(data))]
    assert kunja(moja_moja) == zima
```

Maana yake: chukua risiti moja, ikate vipande viwili kila mahali inapoweza kukatwa, kisha ilishe baiti moja moja, na mara zote matokeo yawe yaleyale. Nimeilisha baiti, si maandishi, ili ikate hata katikati ya ’ na katikati ya amri.

Dakika ya kwanza imenasa kitu ambacho hakuna aliyekitaja humu. Seva inamaliza mistari kwa alama mbili, CR (`\r`, rudi mwanzo wa mstari) na LF (`\n`, shuka mstari). Yule kijana aliweka ubadilishaji wa `\r\n` kuwa `\n` kwenye kila kipande. CR ikiwa mwisho wa kipande na LF mwanzo wa kinachofuata, ubadilishaji hauoni kitu, CR inahesabiwa mstari na LF inahesabiwa mwingine. Ndiyo ile mistari mitupu ya mara moja moja ambayo tulikuwa tunalaumu roli la karatasi. Sasa mkunjaji anakumbuka kama herufi iliyopita ilikuwa CR, na LF inayoifuata anaimeza.

#28 DaktariWaKuku

Mistari mitupu kwetu ipo bado, lakini si ya mara moja moja. Ni kila jina la dawa likiwa na herufi 32 kamili. Nimezihesabu kwa kidole.

#29 MzeeWaVT

Hiyo nimeiona tangu enzi. Swali ni hili: mstari ukijaa safu ya mwisho, kifaa kinashuka hapohapo au kinasubiri herufi inayofuata? VT100 husubiri. Kishale kinabaki juu ya safu ya 80 mpaka herufi ya 81 ifike. Ikija LF badala yake, inashuka mara moja tu. Dirisha la DOS lilikuwa linashuka hapohapo, na LF yako ikashusha tena, ukapata mstari mtupu. Printa yako ni ya kabila la DOS.

Tiba ni mbili. Unaweza kutotuma `\n` pale mstari unapojaa kamili, lakini basi ukihamia printa ya kabila la pili mistari itagandana. Au weka upana 31 uache safu moja ya mwisho ikae bure.

#30 FundiRisiti

Mimi nimeweka 31 madukani kote. Najua si usafi, lakini printa nilizonazo ni za aina tano na sina nguvu ya kuuliza kila moja kabila lake.

#31 DaktariWaKuku

Nimeweka 31. Imekaa. Sasa bosi ameleta printa ya karatasi ya milimita 80, nibadilishe nini?

#32 FundiRisiti

Kwa fonti A, herufi za kawaida za printa, nyingi zake ni safu 48, lakini zipo za 42, kwa hiyo chapa kwanza mstari wa tarakimu 1234567890 mfululizo uhesabu inaposhuka. Toa moja, weka kwenye `upana`. Kisha ilishe lile jaribio risiti yenye punguzo, ng'ombe na JUMLA, na picha ya karatasi uiweke hapa tuione.

#33 DaktariWaKuku

Imeshuka baada ya 48. Nimeweka 47. Picha naweka jioni, karani ameshika simu.